Ndoo Moja Mara Watu Wangapi

Bwana yangu aliniambia amepoteza ndoo moja. Alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, na mimi nilikuwa ninamnyonyesha mtoto, kwa hiyo sikuinuka. Ndoo moja. Nikasema moyoni, sawa, ndoo moja ya ndagala si msiba. Nikamwambia afunge mlango kwa sababu mbuzi wa jirani wanaingia.

Hakusema uongo. Hicho ndicho kinachoniudhi mpaka leo. Angekuwa amedanganya, ningejua pa kuanzia kumgombeza.

Lazima nieleze mwezi kwanza. Ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wanavuliwa gizani. Wanaume wanaingia ziwani na taa, samaki wanafuata mwanga, wavu unainuliwa. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote lina mwanga, samaki hana sababu ya kufuata taa ya mtu, na mitumbwi inabaki imelala mchangani siku nane, siku kumi. Hizo siku tunaziita mwezi. Zile nyingine tunaziita giza. Hapa mjini Baraka mtu akikuambia atakulipa giza, unajua ni lini.

Wakati wa mwezi wanaume wanashona nyavu siku mbili, wanalala siku ya tatu, na kuanzia ya nne wanaanza kututazama tunavyofagia. Hapo ndipo wanakwenda kwenye hangari ya fundi.

Fundi anatengeneza moteri za mitumbwi. Hangari yake ni mabati manne juu ya miti, karibu na pale pirogi, boti za mbao za kutoka Ubwari ng'ambo, zinapofikia. Kabla hajarudi nyumbani alifanya kazi Bujumbura kwa Mwarabu mmoja mwenye duka la vipuri, na huko ndiko alikojifunza trikitraki. Alirudi na ubao wake. Una pembe ndefu ishirini na nne zilizochorwa, kumi na mbili nyeusi na kumi na mbili nyekundu, kete kumi na tano kila upande, na dadu mbili. Kila mtu anazungusha kete zake mpaka nyumbani kwake na kisha anaanza kuzitoa. Ukigonga kete ya mwenzako iliyo peke yake, inarudi mwanzo. Kwa macho yangu ulikuwa mchezo wa watu wawili, kama dame, yaani drafti. Wawili wanakaa, wengine wanasimama wanapiga kelele. Nilipita pale mara nyingi na beseni kichwani na sikuwahi kujiuliza wale wanaopiga kelele wanapata nini.

Siku ya pili baada ya ile ndoo moja, nilikwenda mchangani kuokota mawe kwenye kiwanja changu.

Hicho kiwanja nacho lazima nieleze. Ni mchanga tu, hatua kumi kwa sita, lakini kiko kichwani kabisa, pale malori ya Uvira yanapogeuzia. Mnunuzi akishuka, mguu wake wa kwanza uko kwangu. Nilikingoja miaka miwili. Nilikipata nikiwa na mimba ya miezi saba, mama aliyekuwa nacho alipohamia Mboko, na nilianika pale nikiwa nimepiga magoti kwa sababu nilikuwa siwezi kuinama. Kiwanja hakina karatasi. Hakuna chifu anayekigawa. Desturi ya bamama tunaoanika ni moja: asubuhi ya kwanza ya giza, mwenye kuanika pale amekishika mpaka mwezi urudi. Na si kuanika samaki kumi. Ndoo tatu, ndoo zile kubwa za rangi ya nyumba. Chini ya hapo wanasema umeanika ya kuonja, na mwingine anaweza kuja na ndoo zake akakuambia sogea. Ukishasogezwa mara moja, unakwenda nyuma kabisa, karibu na kinyesi cha mbuzi, na kurudi mbele ni miaka.

Basi niko nimeinama, mtoto mgongoni, nakuta kivuli cha mtu. Mke wa fundi. Yeye hana kiwanja kwa sababu bwana yake havui. Tulisoma shule moja, yeye aliacha mwaka wa nne.

"Mama," akasema, "hii kiwanja iko na mawe mingi ao ni macho yangu?"

"Juu ya nini unauliza?"

"Nauliza tu. Muntu anaangaliaka nyumba mbele ya kuhamia."

Nikanyoosha mgongo. "Nani anahamia?"

"We! Bwana yako hakukuambia?" Akaweka mkono mdomoni, lakini macho yalikuwa yanacheka. "Ndoo saba, mama. Saba! Za usiku wa kwanza. Fundi ameshaosha mpaka ndoo."

Nilitupa mawe niliyokuwa nayo mkononi, nikayatupa mle mle kiwanjani, nikarudi nyumbani mbio mpaka mtoto akaanza kutapika maziwa kwenye shingo yangu.

Bwana yangu alikuwa amelala na simu juu ya kifua.

"Ndoo ngapi?"

"Nilikuambia. Moja."

"Mama fundi anasema saba."

Akaiweka simu chini. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa: "Moja kwa kila muntu."

Nikachukua sinia, nikamwaga maharagi juu yake, nikamwekea mbele. "Nionyeshe."

Mimi nilimaliza sekondari, section commerciale, upande wa biashara. Diploma yangu ya Serikali iko ndani ya nailoni juu ya kabati na haijawahi kuninunulia hata chumvi. Lakini hesabu naijua. Akanionyesha kwa maharagi, na alipokuwa ananionyesha alianza kupata raha, mjinga, akasahau kwamba nimekasirika.

Kumbe wale wanaopiga kelele hawapigi bure. Wote wanacheza. Mmoja anakaa peke yake, anaitwa mwenye ubao. Upande wa pili ni kundi. Mmoja wa kundi ndiye anayetupa dadu na kusukuma kete, huyo wanamwita kapita, na walio nyuma yake wanamshauri. Lakini dau si la kapita peke yake. Kila mmoja wa kundi ana dau lake na mwenye ubao, ndoo moja. Mwenye ubao akishinda, anakamata kwa wote. Akishindwa, analipa wote. Kapita akishinda, yeye ndiye anakaa kwenye ubao, na aliyeshindwa anakwenda mwisho wa mstari.

"Kwa hiyo wewe ulikuwa mwenye ubao."

"Nilikuwa nimeshinda mara mbili, nikamaliza madeni yangu ya mbele!" akasema. "Nilikuwa kwenye ubao tangu saa nne."

"Na kundi lilikuwa watu wangapi?"

"Bane."

Akaweka haragi moja huku, manne kule. Nne. Bado hatujafika saba. Nikamtazama.

Akakuna kidevu. "Kuna ya kuongeza."

Kila mtu wa kundi ana kijiti chake cha mraba, fundi alivikata kutoka kasia lililovunjika, kila upande umeandikwa namba yake, mbili, nne, nane na kuendelea, kwa rangi ya kucha ya mke wake. Mtu akiona kundi linakwenda vizuri, anakisukuma mbele na kusema, naongeza. Dau lake linakuwa mara mbili. Mwenye ubao ana majibu mawili tu. Akisema natoka, anamlipa huyo mmoja ile ndoo ya mwanzo na wameachana. Akisema nabeba, wanaendelea kwa mbili, na kijiti kinahamia upande wake, yaani sasa ni yeye tu anayeweza kuongeza tena. Na kila mtu anaamua peke yake. Mmoja anaweza kuongeza, jirani yake akaacha.

"Na wewe walipoongeza?"

"Batatu baliongeza."

"Ukasema nini?"

"Nilisema nabeba."

"Wote watatu?"

"Nilikuwa mbele, mama! Nilikuwa mbele! Ule fundi alitupa sita-sita mara mbili. Muntu gani anatupaka sita-sita mara mbili?"

Mbili mara tatu, sita, na yule wa nne ambaye hakuongeza, moja. Saba. Maharagi yalikuwa pale kwenye sinia, hayana maneno. Fundi alikuwa ndiye kapita, akashinda mbili zake. Na wale wengine walimwachia fundi ndoo zao hapo hapo: mwanaume mmoja mrefu wa Ubwari kwa bujii, ile plagi ya moteri, kinyozi kwa kutengenezewa jenereta, na mwenzake bwana yangu wa mtumbwi mmoja kwa kamba ya kuwashia. Kwa sababu fundi yeye anacheza kwa kazi, ndoo moja ni kazi moja, na akishindwa anaifanya bure. Zote saba zikawa zake.

Na sheria ya hangari ni kwamba dau la mwezi linalipwa na usiku wa kwanza wa giza. Fungu la bwana yangu, usiku wa kawaida, ni ndoo nane.

"Itabaki moja," nikasema.

"Usiku wa pili tutakuwa na nane zote."

"Na kiwanja?"

"Kiwanja gani?"

Naapa alisema hivyo. Miaka minne tumeoana. Anakula kutoka kwenye ule mchanga, shati alilovaa limetoka kwenye ule mchanga, na hakujua kwamba asubuhi ya kwanza ina maana yoyote. Kwake samaki akishashuka mtumbwini, habari imekwisha.

Ile siku sikukaa. Nilipika bugali ikashika mkaa, nikaifua nguo moja mara mbili, nikaenda kisimani na ndoo iliyokuwa imejaa. Ninajiambia saba, nane, moja. Tatu. Ninahitaji mbili zaidi. Mtoto alikataa kulala kwa sababu mgongo wangu haukutulia. Bwana yangu alisema atazirudisha zote kesho, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Mtu anayetaka kurudisha saba hasimami kwenye mbili.

Kesho yake mchana nikampelekea chakula hangarini mwenyewe. Nikaweka sufuria na sahani, nikabaki nimesimama.

Kinyozi akanitazama juu na chini. "Mama, chakula imefika, aksanti. Sasa unangojea nini?"

"Masahani."

"Hatuyakula bado."

"Mukule pole pole."

Wakacheka. Bwana yangu hakucheka. Fundi alikuwa kwenye ubao, peke yake upande wake, na kwa mara ya kwanza nilimwangalia nikiwa na maharagi kichwani. Mtu huyu sasa alikuwa amekaa pale pale bwana yangu alipokuwa amekaa. Wanne mbele yake: yule mrefu wa Ubwari ndiye kapita, nyuma yake kinyozi, kisha yule mwenzake bwana yangu wa mtumbwi, na bwana yangu mwenyewe mwisho wa mstari. Kila alichopoteza fundi kilikuwa mara nne. Alikuwa anajifuta jasho kwa kitambaa cha mafuta ya moteri, uso wake wote ukawa na michirizi.

Mchezo ulikuwa wa kundi. Kete mbili za fundi zilikuwa zimegongwa, ziko katikati ya ubao zinangojea kuingia, na kundi lilikuwa limemfungia milango yote ila mmoja.

"Anakufa mubichi," akasema kinyozi.

Nikamwuliza mwenzake wa mtumbwi mubichi ni nini. Akanieleza: ukimaliza mchezo hujatoa hata kete moja, umeliwa mubichi, na dau linahesabiwa mara mbili, hata kama lilikuwa limeshaongezwa.

"Naongeza," akasema kinyozi, akasukuma kijiti chake.

"Naongeza," akasema bwana yangu. Sauti yake ilikuwa juu, kama ya mtoto wa kwaya.

Wale wengine wawili waliacha. Fundi akaangalia ubao, akaangalia vijiti viwili. Alitakiwa kutoka. Hata mimi niliona. Lakini nadhani aliona aibu, watu walikuwa wengi.

"Nabeba. Nyote wawili."

Akatupa. Akaingia kete ya kwanza. Kundi likatupa vibaya, likaacha kete moja wazi. Fundi akatupa tena, akaingia ya pili na akaigonga ile ya kundi. Hangari nzima ikapiga kelele. Bwana yangu akashika kichwa. Sasa hakuna mtu aliyejua ni nani yuko mbele. Dau lake lilikuwa mbili, na kijiti kilikuwa upande wa fundi. Fundi alikuwa ameanza kukigusa kwa kidole, anakizungusha, ule upande wenye nne unakuja juu.

Nikaona mambo yote pamoja. Fundi akisema naongeza, bwana yangu atasema nabeba. Hawezi kusema kingine, mdomo wake haukuumbwa kwa neno la pili. Saba na nne ni kumi na moja.

"Muntu akitaka kutoka hapa katikati?" nikauliza.

Wakageuka wote. Yule mrefu wa Ubwari ndiye aliyenijibu, kwa adabu. "Anaweza kupatana na mwenye ubao, mama. Wao wawili tu. Sisi tunaendelea."

"Basi sisi tunapatana."

"Nani amekutuma?" bwana yangu akasema.

"Mutoto."

Kinyozi akapiga kofi kwenye paja lake. Fundi yeye alinigeukia kabisa, akaweka kile kitambaa begani. "Shemeji, karibu. Unauza ao unanunua?"

"Sikiliza. Bwana yangu anaacha huu mchezo. Hapati kitu, hapotezi kitu. Zile saba zako zinabaki saba, sikuombi hata moja. Lakini asubuhi ya kwanza, ndoo tatu zinazotangulia kushuka ni zangu. Wewe unaanza kuhesabu kwenye ya nne. Zisipoenea, unangojea usiku unaofuata."

Wakatazamana. Kisha wakaanza kucheka, mmoja mmoja, kama mvua inavyoanza juu ya bati.

"Yaani hakuombi kitu?" kinyozi akamwambia fundi. "Mama anakuja kukuokoa! Kubali mbele hajaamka!"

"Nane toa tatu," fundi akasema, "nabaki na tano. Zile mbili usiku wa pili?"

"Usiku wa pili."

"Siku moja tu ya kungoja?"

"Siku moja."

"Shemeji, wewe ni mtu wa Mungu." Akanipa mkono, mweusi wa mafuta, na nikaushika mbele ya wote ili pasiwe na maneno. Hakujua habari ya mchanga. Hakuna hata mmoja pale aliyejua. Wake za wavuvi wanaanika kila giza, na wanaume watano pale hawakujua.

Bwana yangu alichukua kijiti chake mezani kama mtu anayeokota jino lake.

Ningekuwa nimeondoka hapo. Lakini masahani. Nikabaki mpaka mwisho, na mwisho ulikuwa hivi: yule mrefu akaingia mara moja, akaigonga tena kete ya fundi, akaifungia milango yote sita, na baada ya hapo fundi alikuwa anatupa dadu kwa mazoea tu. Aliliwa mubichi. Hakutoa hata kete moja.

Wale wawili ambao hawakuongeza, moja zao zikawa mbili, na kinyozi alikuwa na mbili, zikawa nne. Alicheza ngoma kuzunguka nguzo.

"Ine," bwana yangu akasema, akainua vidole vinne juu ya bega. Tulikuwa njiani kurudi, yeye mbele, mimi nyuma na sufuria. Hakugeuka. "Ine, mama. Ningekuwa na ine. Saba toa ine, tatu. Ningelipa tatu, unabaki na tano zako. Tano! Lakini wewe una diploma."

Kwa maharagi alikuwa na haki. Niliyapanga tena jioni kwenye sinia, nikayapanga na kuyapanga, na kila mara yalinionyesha tano upande wake na tatu upande wangu. Nilikuwa nimemvunjia heshima bwana yangu mbele ya watu kwa ajili ya kitu ambacho angekipata mwenyewe akiwa amekaa kimya. Siku mbili hatukusemeshana ila habari za mtoto. Nilikuwa natoka nje kuangalia mwezi umepungua kiasi gani, naingia, natoka. Mama mkwe aliniuliza kama nina tumbo la kuhara.

Kisha giza likaanza na wakaingia ziwani.

Asubuhi ile nilikuwa ufukweni kabla ya mtumbwi wa kwanza. Kulikuwa na upepo, si mkubwa, ila wa kusukuma mitumbwi isikae palepale juu ya taa. Fundi naye alifika, na ndoo saba tupu zimepangwa moja ndani ya nyingine mpaka kidevuni kwake. Alinisalimia vizuri. Tukasimama wote wawili tunaangalia maji kama watu wanaomngojea mgeni mmoja.

Mtumbwi ulikuja juu. Mtumbwi wenye samaki unakaa chini majini, na huu ulikuja juu. Niliona hivyo kutoka mbali.

Betri moja ya taa ilikuwa imekufa. Upepo ukafanya yaliyobaki. Walipogawa mafungu, fungu la bwana yangu lilikuwa ndoo nne.

Nne. Wanaume watano walikuwa wamekaa mwezi mzima wanagawana nane, wanaziongeza, wanazibeba, wanauziana kwa bujii na kamba, na zile nane hazikuwepo. Zilikuwa bado na mikia zinaogelea kule Ubwari.

Bwana yangu alisimama ndani ya maji mpaka magotini, anahesabu kwa midomo. Nilijua anahesabu nini kwa sababu na mimi nilikuwa nahesabu hicho hicho. Angekuwa ameshinda zile nne zake, angebaki na deni la tatu, na fundi angechukua hizo tatu kwanza, maana ndiyo sheria ya hangari. Ingenibakia moja. Ya kuonja.

"Tatu," nikamwambia fundi.

Akaniangalia, akaangalia ndoo. Si mtu mbaya. Alichukua ile ya nne, akaimimina kwenye ndoo yake ya juu, na zile sita tupu akazibeba hivyo hivyo.

"Shemeji, ulijua kama upepo utakuya?"

"Hapana."

"Sasa ulijua nini?"

"Nilijua ziwa haikukuwa pale hangarini," nikasema. "Nyinyi mulipatana, yenyewe haikupatana na muntu."

Bwana yangu alinisaidia kubeba. Hakuambiwa. Alibeba mbili, mimi moja, mpaka kiwanjani, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane alikaa kuangalia ninavyomwaga: kuanzia upande wa barabara, kwa mkono uliofunguliwa, wasipandane. Mama aliye jirani yangu alikuja, akahesabu ndoo tupu kwa macho, akaenda zake. Hiyo ndiyo karatasi yetu. Nikamwambia bwana yangu akalale.

"Siku ingine nikikaa kwenye ubao," akasema, halafu akaona uso wangu, akaenda kulala.

Sikusamehe. Watu wananiuliza kama nilifurahi. Nilifurahi vipi? Sita za fundi zilibaki, za kutoka usiku wa pili, na mwezi mwingine ungekuja, na hangari ingali na mabati yake. Nilikuwa nageuza samaki kabla hawajakauka hata upande mmoja, kwa sababu mikono haikutaka kukaa.

Hapo ndipo alipofika mke wa fundi. Amevaa kitenge kizuri, si cha kuanikia samaki, na ndoo moja kichwani. Alisimama pembeni pa samaki wangu.

"Bote hawa ni bako?"

"Ndoo tatu."

"Mimi aliniletea moja." Alikuwa anatafuta kwa macho pa kumwaga, na mahali palipobaki ni kule kwa mbuzi. "Alisema zingine ni kesho. Na aliniambia kwa ule mchezo wa mwisho alipoteza kidogo tu, nisikasirike. Kazi moja."

Nilikuwa nimemwandalia maneno mabaya siku hizo zote. Nilikuwa nayo yote mdomoni, yale ya mawe na ya kuhamia. Lakini nilimkumbuka kinyozi alivyocheza ngoma kuzunguka ile nguzo. Kinyozi nne, yule mrefu mbili, mwenzake wa mtumbwi mbili. Kazi nane, za bure, mwezi mzima mikono ya bwana yake ndani ya moteri za watu na hakuna kitu kinachoingia nyumbani. Na yeye amesimama pale na rangi ya kucha ile ile kwenye vidole.

"Kazi moja," nikasema.

"Ndiyo. Moja tu."

"Mara bantu bangapi?"

Akateremsha ndoo kutoka kichwani, polepole, akaiweka chini kwenye mchanga.